Upinde Siurudishi

Wheaton, Maryland,
22 Februari 2026.

Mpendwa Mjomba Tobias,

Pokea salamu za mpwa uliyemlea mwenyewe, hata kama siku hizi unasema humjui. Goti lako linaendeleaje? Aunty Jepkosgei ameniambia kwamba baridi ya Timau imeliamsha tena, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeiweka juu ya kabati kwa hasira. Mjomba, dawa haijamkosea mtu. Nikasirikie mimi, lakini goti lipake.

Na ng'ombe je? Yule mweusi alizaa salama? Na mvua mmepata, au mawingu yanapita tu kwenda kwa watu wengine?

Sisi huku tu wazima. Theluji imeanza kuyeyuka na kutuachia matope. Mume wangu Gichuki bado anakwenda kazini Fairfax kila asubuhi na kurudi akilaani foleni. Abigail anamaliza masomo yake College Park mwezi wa Mei, Mungu akipenda. Nami bado niko kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee, nawaogesha, nawalisha, nabishana nao kuhusu vidonge. Ubishi wa wazee nimeuzoea, na ndiyo sababu barua yako haikuniangusha.

Lakini iliniuma. Niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, chai ikapoa. Umesema kwamba maisha yako yote umekimbizana na majangili msituni, na sasa jangili ametokea nyumbani kwako. Umesema nisiporudisha upinde na kibali cha kuwinda na kuomba radhi mbele ya jamaa wote, Agosti hutakuja kumbariki Abigail siku ya mahari yake. Unajua vizuri kwamba baba alishafariki, na kaka sina. Upande wa mama wa bibi harusi ni wewe peke yako. Ulijua pa kupiga.

Jibu langu ni hapana. Kibali sikirudishi, na radhi siombi. Wacha nikueleze kwa nini, maana wewe hukuuliza. Hata hao majangili uliwapa nafasi ya kujieleza kabla ya kuwatia pingu.

Nyuma ya mtaa wetu kuna msitu wa kaunti, na ndani yake kuna kulungu wa huku, wale wenye mkia mweupe. Tulipohamia hapa nilikuwa nasimama dirishani kuwatazama, nikakumbuka nyumbani. Wakati huo walikuwa wachache. Sasa wamejaa hadi barabarani, hadi kwenye maegesho ya kanisa. Sukuma wiki yangu wameimaliza, terere, ule mchicha wa kwetu, wameimaliza, hata waridi la mlangoni wanalila na miiba yake. Hilo ningevumilia. Lakini ukiingia msituni utaona kila kitu kimekatwa hadi mahali wanapofikisha midomo. Hakuna mche mchanga hata mmoja. Miti mizee ikianguka hakuna wa kurithi. Ikifika Desemba wanyama wenyewe wanatembea mbavu nje kama ng'ombe wa mwaka wa kiangazi, na magari yanawagonga karibu kila wiki. Mwenzangu kazini aligonga mmoja akavunjika mkono.

Kulikuwa na mkutano wa wakazi kuamua kama tuombe kaunti iruhusu wawindaji wa upinde wenye vibali. Bwana mmoja alinigeukia mbele ya watu, akasema mimi ninayetoka Kenya ningekuwa wa kwanza kuwatetea wanyama, kwani kwetu tunajua kuishi nao. Nilisimama, Mjomba. Unajua nikisimama huwa sikai upesi. Nikamwambia kwetu tuna simba, tuna chui, tuna fisi, kila mmoja ana kazi yake. Hapa simba wenu ni nani? Hakuna ila Toyota. Watu walicheka, lakini wakati wa kura mikono iliinuka, na wangu ulikuwa wa kwanza.

Nikaona ni aibu kuinulia mkono jambo ambalo nangoja mtu mwingine alifanye. Ndiyo maana niliomba kibali. Usifikiri kinagawiwa kama peremende. Nilisoma, nikafanyiwa mtihani, nikapimwa shabaha hadi mabega yakafa ganzi. Aliyenifundisha ni jirani yetu Wayne, Mmarekani mweusi, dereva mstaafu wa basi. Aliwahi kujifunza Kiswahili zamani kwa mapenzi tu, na methali iliyobaki kichwani mwake ni moja. Kila nikivuta upinde kwa pupa: "Dada Makena, haraka haraka haina baraka." Anaitumia kwa mishale, anaitumia kwa foleni, anaitumia hata kwa uji wa moto.

Sheria zenyewe ungezipenda. Unaanza na jike, dume baadaye, kwa sababu dume mmoja anatosha majike wengi, na wewe mfugaji sihitaji kukueleza. Unavaa fulana ya rangi ya machungwa ili uonekane na kila mtu. Unapanda mti uliopangiwa. Kila mnyama unayemwangusha unamwandikisha siku hiyo hiyo. Jangili gani anajiandikisha, Mjomba? Jangili gani anavaa nguo ya kumulika?

Wa kwanza nilimpata Novemba. Alianguka palepale. Nilishuka kwenye mti, nikalia, nikashukuru Mungu, kisha Wayne akanipiga ile picha iliyokukasirisha. Aliyeirusha kwenye kundi la familia ni Gichuki, kidole chake hakina breki. Nusu ya nyama ilikwenda kwenye jiko la kulisha wasio na makao, nyingine tukaipika kanisani na Wakenya wenzetu. Gichuki alikataa kuonja. Ati Mkikuyu hali mnyama wa porini. Akala maharagwe peke yake pembeni, amenuna kama bwana harusi aliyesahauliwa, halafu ndiye aliyeosha sufuria zote.

Sasa nikueleze kuhusu Lorraine, maana barua yako na maneno yake ni kama mmekaa chini mkaandika pamoja. Lorraine ni mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama mwenye roho safi. Aliniita katili mbele ya watu. Theluji ilipoanguka akaamua kuwaokoa kulungu mwenyewe. Alinunua mahindi kwa magunia, akawa anayamwaga uani kwake asubuhi na jioni, na wanyama wakaja kutoka kila upande, wakisukumana.

Januari wakaanza kufa. Mmoja alifia chini ya dirisha letu, tumbo limejaa hadi limekaza. Abigail ndiye aliyemwona kwanza. Akapiga kelele, "Mummy, come, huyu ni mnono kabisa, kwa nini amekufa?" Ofisa wa kaunti alikuja, akatueleza kwamba wakati wa baridi tumbo la kulungu limezoea vijiti na magome ya miti. Ukilijaza mahindi ghafla yanachachuka ndani na kumuua. Husemwa wema hauozi, Mjomba, lakini wema wa Lorraine uliozea matumboni mwa wale wanyama. Hata hivyo hakuacha. Alisema ofisa anadanganya ili sisi tupate kuwaua.

Na hapa ndipo ninapotaka uvae miwani yako usome polepole.

Mwisho wa Januari nilimpiga jike wa pili, na sikumpiga vizuri. Aligeuka wakati mshale unaondoka. Akakimbia. Wayne akaniambia tungoje kidogo, na safari hii hakutumia methali. Tulipoanza kufuata, damu ilikuwa juu ya theluji, kidogo kidogo, ikatoka msituni, ikavuka njia ya watembea kwa miguu, ikapita nyuma ya nyumba za watu. Moyoni nilijua inakokwenda. Ilikwenda mahali yule mnyama alipozoea kushiba. Ilikwenda kwa Lorraine.

Sheria ya hapa ni kwamba huwezi kuingia katika ua wa mtu kumfuata mnyama bila ruhusa ya mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili: kubisha mlango wa mwanamke aliyeniita katili, nikiwa na damu kwenye glavu, au kwenda nyumbani nikasema nimempoteza. Hakuna ambaye angejua. Wayne alinitazama tu. Baridi ilikuwa inauma, na nakuambia kweli, niliogopa ule mlango kuliko ninavyowaogopa nyati.

Nikakukumbuka wewe. Unakumbuka yule pongo aliyeingia kwenye viazi vyetu akiburuta waya wa mtego, nikiwa darasa la nne? Watu wote walisema mwache, atafia mbele. Wewe ulimfuata mchana kutwa hadi korongoni, ukarudi giza likiingia, suruali imechanika, ukakataa chakula. Nilikuuliza kwa nini ulijisumbua na mnyama wa kufa. Ulinijibu kwamba anayemjeruhi mnyama akamwacha, huyo ndiye mbaya. Na kwamba aliyetega alikuwa ametoroka, kwa hiyo ilibidi mtu mwingine awe mtu.

Heri lawama kuliko fedheha. Nikabisha.

Lorraine alifungua, akaniona, akaona glavu. Nikamwambia kulungu niliyemjeruhi yuko uani kwake, bado anapumua, na ninaomba ruhusa niingie nimalize nilichoanza. Nilidhani ataufunga mlango usoni kwangu. Badala yake akavaa koti, akapita mbele yangu, akanifungulia lango la nyuma mwenyewe.

Yule jike alikuwa amelala juu ya mahindi. Nilimaliza, upesi, kama inavyotakiwa. Lorraine alisimama karibu yangu na hakugeuza uso. Kisha akaingia ndani, akatoka na blanketi kuukuu, akamfunika, tukamsubiri Wayne alete gari. Tangu siku ile hajanisalimia, na sijui kama atanisalimia tena. Lakini mahindi hajamwaga tena.

Mjomba, ninajua kilichokuuma zaidi, ingawa hukukiandika. Ni mshale. Najua rafiki yako Kimani alikufa huko msituni kwa mshale wa sumu wa majangili, na ulimbeba mgongoni ukitumaini bado yu hai. Aunty alinisimulia nikiwa mkubwa. Ulipofungua simu ukaniona mimi, mtoto wako, nikitabasamu na upinde mkononi, najua uliona nini. Kwa ajili ya Kimani nimemwambia Gichuki aiondoe ile picha, na ameiondoa. Picha, Mjomba. Upinde siurudishi.

Kwa sababu wewe hukulinda wanyama kwa kuwatazama. Uliwalinda kwa kufanya kazi ambayo wengine waliionea kinyaa. Mwaka ule wa ukame mliamriwa kuwapiga risasi nyati waliozama matopeni wakiliwa hai na fisi, ukaitikia, na hakuna aliyekuita jangili. Mimi nimefanya kazi kama hiyo, katika msitu mdogo usio na simba, katikati ya nyumba za watu. Nimeifanya mchana, kwa kibali, na nilipokosea sikukimbia. Hayo ni malezi yako. Ukiyakana leo, unajikana mwenyewe, na hilo sitakuruhusu hata kama wewe ni mjomba wangu.

Tutafika Agosti, mimi, Gichuki na Abigail, na wazazi wa mchumba wake Dayo watakuja kuleta mahari ya mtoto wetu. Nimeshamwambia Aunty kiti chako kiwekwe mbele, kile chenye ngozi. Wazee wengine wamejitolea kukikalia, nimewakatalia wote. Usipokuja kitabaki kitupu, na mimi nitasimama kando yake, nitambariki binti yangu mwenyewe kwa mikono hii hii. Wakisema mwanamke habariki, waniambie mimi, si wewe.

Ukija, nitakunawisha maji kabla ya chakula kama zamani, kisha uniulize mbele ya jamaa wote yale uliyokuwa ukiwauliza majangili: umeua nini, umeua kwa nini, kwa ruhusa ya nani. Nitakujibu nikikutazama machoni. Na ukinikuta na kosa, pingu unazo bado, Aunty anazipanguza vumbi kila Krismasi.

Msalimie sana Aunty Jepkosgei, mwambie unga wa wimbi aliotuma ulifika na umekwisha. Wasalimie watoto wa dada, na mchungaji, na jirani yako anayekuibia nyasi. Gichuki anakuamkia na kusema yeye hana hatia, hakula. Abigail anauliza kila Jumapili kama babu atakuja. Namwambia sijui. Hilo utalijibu wewe mwenyewe.

Mungu alilainishe goti lako, na moyo wako pia kama atapata nafasi. Akulinde hadi tuonane.

Mpwa wako akupendaye, na asiyeomba radhi,

Makena