Baba alisema fole

Durban, Ijumaa. Mvua tangu asubuhi, ile ya kunyesha dakika kumi, kuacha, halafu kurudi kama mtu aliyesahau ufunguo. Nimefungua duka saa mbili, na mpaka sasa saa kumi sijakaa kwenye kiti dakika tano mfululizo.

Leo ni siku ya tisa tangu nirudi kutoka Italia. Watu wakirudi likizo wanaleta chokoleti na picha. Mimi nimeleta picha mia nne za magari na pikipiki, na neno moja lililonikaa kooni kama mwiba wa samaki. Chokoleti nilileta pia. Claudine, jirani yangu wa dukani, amezimaliza.

Nianze na ujinga wa leo. Mteja mmoja wa Overport aliniachia simu nimbadilishie kioo. Kazi hiyo naifanya macho yamefumbwa. Miaka kumi na moja natengeneza simu hapa katikati ya mji. Skurubu nazipanga juu ya sumaku, ndefu huku, fupi huku, kama Baba alivyonifundisha kupanga bolti za injini juu ya gunia. Leo nimechukua ndefu nikaitia tundu la fupi. Ningezungusha nusu tu zaidi, ingetoboa bodi ya ndani na simu ya mtu ingekuwa maiti. Nimeisikia inagoma mkononi, nikaacha. Nikaweka bisibisi chini, nikatoka nje kwenye mvua, nikasimama pale kwenye robot, taa za kuongozea magari. Taa imegeuka kijani mara tatu na sikuvuka.

Claudine ni Mrundi, anasuka nywele upande wa pili wa duka; tunagawana mlango, umeme na umbea. Nimerudi nimelowa, ameniangalia kupitia kioo chake cha saluni.

"Dada Furaha, huko Ulaya ulienda kupumzika ama ulienda kurogwa?"

Nimevuta taulo lake nikajipangusa kichwa.

Ndiyo hali yangu siku hizi. Nyumbani South Beach napanga sahani, nazipangua. Jana jioni nimetembea ufukweni mpaka viatu vikajaa mchanga, nikarudi, nikakumbuka sikununua mkate uliokuwa umenitoa nyumbani. Naanza kusali, nafika katikati, najikuta nawaza giaboksi. Mungu anisamehe.

Niliandika hapa juzi kwamba safari ilikuwa nzuri. Ulikuwa uongo wa nusu. Leo naandika nusu ile nyingine.

Mdogo wangu Neema anaishi Modena, analea mabibi wazee wa huko, na ndiye aliyelipa tiketi. Mimi nilitaka kuona maduka ya vitambaa na kula vizuri. Yeye akasema hapana, wewe ni mtoto wa garaji, nitakupeleka kwa wenyewe. Kwa siku nne tukaingia makumbusho matatu: ya magari yenye alama ya farasi, ya magari yenye alama ya fahali, na mwisho, kule Bologna, ya pikipiki.

Kwa farasi niliaibisha ukoo. Gari jekundu limelala chini ya taa, linang'aa, watu wanapiga picha midomo wazi. Mimi nikapiga magoti nikachungulia chini yake. Mlinzi akaja mbio, sijui alidhani nataka kung'oa nini. Nilikuwa natafuta tone la mafuta tu! Baba alikuwa akisema gari lisilodondosha hata tone, ama limekufa ama halijazaliwa. Halikuwa na tone. Neema alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na mimi nikainuka najipangusa magoti kama mtu aliyetoka kuungama.

Kwa fahali nilichoka. Magari mapana, ya chini, yenye hasira, huwezi kupanda nayo barabara ya kwetu ya Uvira kwenda Bukavu bila kuacha matumbo yake njiani. Nikawaza hivyo, nikacheka peke yangu, na ghafla nikatamani Baba awe pale aone. Hilo sikulitarajia. Mimi na Baba hatuonyeshani vitu.

Kisha Bologna.

Kwenye chumba cha pikipiki za zamani niliikuta yetu. Si yenyewe, pacha wake. Nieleze: Baba ana pikipiki nyekundu ya Kiitalia, aliyoachiwa na padri mmoja Mwitalia wa parokia yetu kule Uvira. Baba alikuwa kijana ambaye hata shule ya msingi hakumaliza. Padri ndiye aliyemfundisha ufundi, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, na kifaa asichokijulia Kiswahili alikiita kwa lugha ya kwao. Alipoondoka alimwachia piki. Haijanguruma tangu nizaliwe, vipuri hakuna, lakini kila Jumamosi Baba anaifuta kwa kitambaa.

Mbele ya ile pacha kulikuwa na giaboksi iliyokatwa ubavu ili meno yaonekane. Mzee mmoja wa hapo, amevaa koti la buluu la kazi, alikuwa anawaeleza wanafunzi. Anasukuma gia kwa kidole.

"Prima," akasema. Akairudisha nusu. "Folle." Akaisukuma tena. "Seconda."

Nikamvuta Neema mkono, nikamuuliza huyu mzee amesema nini pale katikati.

"Folle. Yaani point mort. Huku wote wanasema hivyo, hata mimi mu gari yangu. Kwani hukujua?"

Neema alikuwa na miaka mitano wakati ule. Yeye hana kosa.

Mwenye kosa ni mimi, na sijawahi kuliandika popote.

Baba alikuwa na maneno yake. Bomba la moshi aliliita marmita, na sisi tuliosoma Kifaransa tulicheka kwamba Baba anapika injini, maana kwetu marmite ni sufuria. Na gia ikiwa haijaingia popote, pale katikati ya ya kwanza na ya pili, injini inanguruma lakini piki haiendi, aliita fole. "Weka fole kwanza," aliwaambia wateja. Mafundi wengine wote wa Uvira walisema point mort, kwa Kifaransa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma kwa masista, Kifaransa kimenijaa puani kama mafua. Jumamosi na likizo nilimsaidia garajini, na nisijisifu bure, mkono nilikuwa nao. Siku hiyo mwalimu mmoja alileta piki yake. Baba akamwambia, weka fole. Mwalimu akacheka. Na mimi, nimeshika spana ya Baba, nikaona haya mbele ya yule mwalimu. Nikasema kwa sauti, ili kila aliyekuwepo ajue kwamba mimi nimesoma:

"Baba, folle ni mwanamke mwenye wazimu. Sema point mort. Unatupatisha haya."

Watu saba walikuwepo, na wote walicheka. Wiki ile ile garaji ikapata jina: kwa Baba Folle. Walilisema sokoni, walilisema kanisani, mpaka wageni wakaulizia njia kwa jina hilo bila kujua ni tusi.

Baba hakunipiga. Hakunikaripia. Aliliacha tu lile neno. Tangu siku ile akawa anasema "weka pale katikati", anaonyesha kwa kidole. Na spana hakunipa tena mkononi. Aliiweka mezani, nikiitaka niichukue mwenyewe.

Ni miaka ishirini na mbili sasa. Nimeondoka Uvira, nimepita nchi nne, nimefika Durban, nimezoea kuitwa sisi, yaani dada, na kusema eish nikishangaa, na mimi na baba yangu tunasalimiana vizuri sana, kama watu wanaojuana kwa kukaa benchi moja kanisani.

Pale Bologna nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Neema alidhani ni njaa, akaninunulia mkate wenye nyama. Niliula nalia, na watu wa Bologna wakapita wakiona mama mzima analia na mkate.

Tangu nirudi nimempigia Baba mara mbili. Mara zote mbili nimemuuliza mgongo, nikamuuliza mvua, nikamuuliza kuku, nikakata. Mdomo ninao, mwenye kunijua ataapa kwamba ninao mwingi hata wa kugawa. Lakini kwa Baba uko fole. Injini inanguruma, siendi.

Leo asubuhi Mama ametuma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza kabla ya ile simu ya Overport, ndiyo maana skurubu zikanichanganya. Baba anafunga garaji. Mikono inamtetemeka, hawezi tena hata kushika bolti ndogo. Vyombo anavigawa. Na ile piki ya padri, kesho mwenye vyuma chakavu anakuja kuichukua akaikatekate. "Baba yako anasema mutoto mwenye kuitaka hakuna," Mama akamaliza, akahamia habari za harusi ya jirani.

Mimi naitaka!

Naitaka na sina hata pa kuiweka. Lakini nitamwombaje kitu cha padri mtu ambaye mimi mwenyewe nilimfanya ayaonee haya maneno ya padri huyo?

Saa tisa mvua imeacha. Nikaingia kwenye kile kijichumba cha nyuma tunakoweka maboksi ya simu na mafuta ya nywele ya Claudine, nikapiga. Baba akapokea. Nikaanza na mgongo, nikaenda kwa mvua, kuku wakaniona nakuja. Nikasimama.

Nikamwambia: Baba, nimefika kwa nchi ya padri. Nimeiona piki yako, imewekwa juu ya jukwaa kama mtakatifu. Nimesikia fundi mzee anasema fole. Ni neno lao, ni neno la kweli, padri hakukudanganya na wewe hukukosea. Mimi ndiye sikujua. Nisamehe, Baba.

Nikasikia nyundo inagonga mahali, mbali kidogo na simu. Kisha akauliza:

"Ile siku kulikuwa watu ngapi?"

"Saba, Baba."

"Munane. Mama yako alikuwa kwa mlango."

Hilo nilikuwa silijui. Miaka yote hiyo, na simu zote hizo, Mama hajanigusia.

"Na leo, mu hii simu, tuko wangapi?"

"Wawili."

"Basi."

Nilidhani amekata. Hakukata. Akakohoa, akaniambia kesho saa tatu ya asubuhi watu watakuwa garajini: vijana wa kuchukua vyombo, mwenye vyuma chakavu, na yule mwalimu, ambaye bado yuko hai na kila Jumamosi anapita kujaza upepo. Nipige saa tatu. Yeye ataweka simu juu ya meza, sauti kubwa.

"Na piki, Baba?"

"Kwanza tusikie."

Hapo ndipo akakata.

Sasa niambie, wewe karatasi isiyo na masikio, nimekasirika ama nimefurahi? Sijui. Nilipotoka kwenye kile kijichumba kwanza nilikasirika kweli. Nikasema moyoni, mzee huyu, miaka ishirini na mbili na bado anahesabu vichwa! Halafu nikajiuliza nani alianza kuhesabu. Mimi niliposema saba, sikufikiri hata kidogo. Ilitoka yenyewe. Kumbe nimekuwa nikiwahesabu pamoja naye, yeye kule, mimi huku.

Na ana haki. Nilimvua nguo barabarani, leo nikataka kumvika chumbani.

Nimejaribu kuandika maneno ya kesho. Nimeyaandika mara nne nyuma ya risiti, nimeyafuta mara nne. Kwa Kifaransa yanakuja mazuri sana, yamenyooka, kwa hiyo hayo nimeyatupa. Nitasema Kiswahili cha garaji. Nitaanza na jina lake kamili, siyo lile walilompa, halafu nitasema fole ni nini na nani alikuwa hajui. Baada ya hapo nitaomba piki, na akikataa, akatae mbele ya watu, nitastahili.

Naogopa. Simwogopi mwalimu wala mwenye vyuma. Naogopa sauti itanikatika na Baba, ambaye sikio moja limekwisha kuwa zito, atadhani nacheka tena.

Ile simu ya Overport nimeifunga vizuri, kila skurubu mahali pake, na mwenyewe amekuja kuichukua. Sasa hivi Claudine anafagia nywele na mimi naandika nimesimama, maana kiti bado kinanichoma.

Kesho ni Jumamosi, siku yake kubwa. Kufikia saa tatu saluni inakuwa imejaa mpaka mlangoni. Nimemwomba azime mashine za kukaushia nywele kwa dakika kumi, saa tatu kamili. Akauliza kwa nini. Nikamweleza, yote, kuanzia fole mpaka watu wanane. Ameegemeza ufagio wake ukutani, akahesabu mashine zake kwa kidole.

"Sharp, dada, nitazima. Lakini utaongea kule nyuma? Huku wateja watasikia kila kitu."

Nimemwambia nitaongea hapa hapa, kwenye kaunta, na sauti kubwa nitaweka hata mimi. Wasikie.