Nukta za Mto Mfu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wajukuu wangu wote. Natumaini mguu wako umepata nafuu. Mimi nipo; magoti yananilalamikia kila ngazi, lakini mkono haujaanza kutetemeka, ndiyo maana ofisi ya tume ya mto imekataa kunipumzisha. Wanasema nikiondoka, nani atazichora hizi kona?

Mwaka juzi alinijia mgeni kwenye chumba cha ramani. Nilimtambua kabla hajavuta kiti: Karani wa Mpaka. Amenenepa na anatembelea fimbo, ila kicheko chake cha puani ni kilekile. Yeye hakunitambua. Siku ile tulipohamishwa shambani aliandika watu wengi, na mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimebeba magodoro.

Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo nikueleze vizuri. Mto wetu huanzia milimani, kwenye chemchemi unayoiruka kwa hatua moja. Hushuka maporomoko matatu kwa kishindo, kisha huingia kwenye kinamasi cha mafunjo na kulegea, ukiacha tope lake humo. Tope likizidi, mto hutafuta njia nyingine. Masika ya mwaka ule mto uliacha kupita nyuma ya shamba letu, ukapita mbele, na sisi ambao hatukuhama hata hatua moja tukahesabiwa watu wa ng'ambo. Mkondo wa nyuma ukakauka, wageni wakauita mto mfu. Baba alimweleza Karani, kofia mkononi, kwamba mto ule hutembea na kurudi, na kwamba babu yake aliuona ukirudi. Karani akamcheka mbele yetu sote.

"Mzee, mpaka ni mto. Mto umehama, na wewe hama."

Kabla ya mavuno shamba likawa lake. Baba alimalizia siku zake katika chumba cha kupanga, ameugeukia ukuta, akituuliza maji yamefika wapi.

Sasa Karani alitaka nakala ya ramani ili apate kibali cha kujenga. Akiniita mzee mwenzangu, alinisimulia kwamba nyuma ya shamba lake kuna bonde tambarare, limekingwa dhidi ya upepo, udongo wake mweusi tii. Fundi wake alitaka kujua jambo moja tu: kama maji hupita pale. Nikamwambia ramani ndiyo itakayosema. Akausifu mwandiko wangu.

Mdogo wangu, hili sijamwambia mtu. Mkondo uliokauka huchorwa kwa nukta. Nilichora chemchemi, maporomoko, kinamasi na kila kona kama ilivyo. Nilipofika kwenye mto mfu niliinua kalamu, nikaipitisha hewani polepole, nikaishusha upande wa pili. Kisha nikatia saini yangu kamili, jina la baba likiwemo. Hata hapo hakushtuka. Nyumba imekwisha kujengwa bondeni pale, na amehamia na mkewe, wakwe zake na wajukuu.

Leo asubuhi wapimaji wa mvua wa milimani wametuletea taarifa. Imenyesha siku nne bila kukatika na kinamasi kimejaa pomoni, kama masika ile mto ulipohama. Maji huchukua siku kumi na mbili kutoka chemchemi hadi kwenye kona yetu. Barua hii itachukua tano. Namba ya simu ya Karani ninayo, aliniandikia mwenyewe. Sijaipiga na sitaipiga. Kutoka kwako hadi mlangoni kwake ni mwendo wa nusu siku. Kwa kuwa wewe hukuuona uso wa baba alipochekwa, huenda moyo wako ni mwepesi kuliko wangu. Siku zinazobaki nimekuachia. Ukienda sitakulaumu, usipoenda sitakuuliza.

Nibusie watoto, umfikishie shemeji heshima zangu, na ujitunze.

Ni mimi kaka yako,
Mchora Ramani