Baba, Yule Fahali Bado Ningemzika

Baba yangu uliyelala Gakindu,

Wanasema nilikuaibisha mara mbili: siku uliyoniozesha, na juzi tulipokuzika. Nimekataa. Nakuandikia wewe kwa sababu hao wengine nimechoka kuwajibu.

Unaikumbuka ngurario yangu, siku ya kufunga ndoa yetu kimila. Nilikuwa sijakaa sana kazini Nyeri mjini, kukagua nyama na usafi wa hoteli. Watu wa Wachira, bwana harusi wangu, walikuja kutoka Kagio na kondoo wa mila, na fahali mnene wa kulisha wageni. Wanaume wakachinjia kule chini migombani, mahali ambapo mwanamke hakanyagi. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama, nimevishwa shanga, nimeambiwa nitulie kama bibi harusi. Kisha likaletwa karai la matumbo na mapafu tupike. Nikayashika yale mapafu. Yalikuwa na vinundu, na ndani yake usaha mkavu kama uji ulioganda sufuriani. Kifua kikuu cha ng'ombe, wala sikuhitaji kuuliza mtu.

Niliomba kisu, nikashuka migombani na shanga zangu. Nikapasua tezi za shingo, za kifua, za tumbo, zote zilikuwa vilevile. Nikawaambia nyama ya fahali huyu hailiwi na mtu wala mbwa.

Baba mkubwa wa Wachira, aliyemtoa huyo fahali, akatupa fimbo chini.

"Ati msichana anaingia kwa machinjo ya wazee? Na anatutupia ng'ombe? Sisi tunaenda nyumbani, na kijana yetu tunaenda na yeye!"

Nilikutazama, Baba. Nilimpenda Wachira mpaka nikaona giza. Lakini neno nililokwisha kusema singelimeza. Ukaja polepole ukasimama mbele yangu.

"Maitu," ukaniita. Uliniita mama siku zote kwa kuwa nina jina la mama yako. "Hii ng'ombe ingekuwa ya mtu ya bucha huko Kiganjo, ungesema nini?"

"Ningesema izikwe."

"Basi izikwe. Sitaki msichana yangu akuwe na sheria mbili."

Wewe mwenyewe ulileta mafuta ya taa ukaimwagia nyama, asije mtu akaifukua. Wachira akavua koti lake jipya, akashika jembe, akachimba shimo. Wageni walikula githeri na viazi. Yule mzee alinuna, lakini alikula, tena akaongeza. Hakwenda popote.

Tangu siku hiyo wenye bucha wananiita Mama Mafuta ya Taa. Wacha waniite. Nilifunga hoteli ya diwani kwa kukosa choo, akanitisha kwamba nitahamishiwa jangwani nikakague ngamia. Nilimwambia anihamishe, choo bado atachimba. Alichimba.

Halafu ukatuacha. Asubuhi ya mazishi fahali wa kulisha waombolezaji alikuwa amechinjwa, palepale migombani, na shangazi akanivuta kando.

"Leo wacha, Wanjiru. Leo wewe ni mfiwa, si mtu ya health."

Shangazi namheshimu. Lakini nikavaa gambuti, viatu vyangu vya mpira, chini ya rinda langu jeusi, nikashuka. Nilipasua tezi, ini na moyo huku machozi yakinidondoka kwenye kisu, na wazee wakinitazama kama mwendawazimu. Alikuwa safi, Baba. Safi kabisa. Nikampiga muhuri kila paja, na watu wako wote wakala wakashiba.

Unaujua ule wino wa zambarau, haukubali maji wala sabuni. Tulipofika kaburini vidole vyangu vilikuwa bado na rangi, na kila mtu aliviona. Shangazi akaninong'oneza nifiche huo mkono, nitumie mwingine. Nimekulilia na nitakulilia tena, nyumba yako imekuwa baridi bila kikohozi chako. Lakini mkono sikuuficha. Niliunyosha uleule wenye wino, mbele ya wote, nikakutupia udongo wako.

Pumzika, Baba. Sheria bado ni moja.

Mimi msichana wako,
Maitu