Dekio Limeshinda, Binti Kanuna

Mpendwa mshauri,

Kwanza natangaza rasmi, kwako na kwa wasomaji wote, kwamba dekio la chumba namba nne limestaafu kwa heshima, limewekwa kwenye kabati la kioo pamoja na vikombe vya ushindi vya chuo, na mimi sasa napiga deki kwa tambara. Naomba msaada. Mimi ni mfagiaji wa chuo cha lugha, na binti yangu anasoma Kichina hapohapo, na kila jioni kazi yangu ya mwisho ni kufuta ubao, lakini nikiushika naona huruma, basi nikawa kwanza nayaandika yale maandishi sakafuni kwa dekio lenye maji, nayasoma kwa sauti nilizozisikia dirishani, miaka miwili hiyo, mpaka mwalimu wao aliyetoka China akanikuta, nikajua kibarua kimeota nyasi, kumbe akavua viatu, akachukua dekio akaandika na yeye, akasema kwao wazee huandika hivyo bustanini, kwa maji, akaniingiza kwenye shindano la hotuba za Kichina. Nilizungumzia sakafu. Ukumbi mzima ulisimama, hata mkuu wa chuo mwenye magoti mabovu. Nikawa wa kwanza, binti yangu wa pili, na mshindi anakwenda China, na sasa binti anakula chumbani kwake, na asubuhi ananiamkia, "Shikamoo, mshindi," na wifi yangu anasema, "Mama gani anamnyang'anya mwanawe tonge?" Nimwachie safari? Fomu nimeiambatanisha, mimi na binti tumeisoma neno kwa neno, ni ya Kichina.

Mama Dekio

Mama Dekio,

Hongera, na acha ujinga. Tonge hilo ulilipika mwenyewe, kwa maji ya ndoo. Pole nakupa, maana kununiwa na mtoto uliyemzaa ni kugumu kuliko Kichina. Lakini binti yako haumwi na safari. Anaumwa kushindwa na mtu anayemfulia nguo. Ukimwachia, utakuwa umemshinda mara mbili, kwa hotuba na kwa huruma. Wifi yako mwambie asimame yeye ukumbini dakika tano, kwa lugha yoyote aitakayo.

Kesho jioni mwite binti chumba namba nne, mpe tambara lenye maji, muandike pamoja. Akikosea mcheke, ukikosea akucheke, chakula atarudi kulia mezani. Kisha funga mzigo uende, wale wazee wa bustanini wauone mkono wako.

Fomu nimeipata. Mimi Kichina sijui, kwa hiyo niliigeuza. Nyuma imeandikwa kwa Kiswahili: wanaosafiri ni mshindi wa kwanza na wa pili.