Fisi Aliyekula Kiatu cha Bibi

Bibi yangu kipenzi, shikamoo.

Nipo Lindi mjini, jua linawaka na nimekula pweza mpaka taya zimechoka. Leo asubuhi nilipita kwenye ile sinema ya zamani, ambayo sasa ni ghala la korosho. Mlinzi wake, Mzee Chande, ndiye aliyekuwa akichana tiketi mlangoni enzi hizo. Kanisimulia kisa cha Jumapili moja, siku ya wanawake peke yao. Nyoka alipotokea kwenye filamu, binti mmoja alipanda juu ya kiti, akapiga bismillahi, akamvurumishia kiatu. Kitambaa cha sinema kikatoboka, naye akatoka mbio, mguu mmoja peku.

"Na nyoka mwenyewe alikuwa mwema!" Mzee bado analalamika. "Alikuja kumwokoa bibi harusi!"

Kiatu anacho mpaka leo, kakitundika msumarini. Ni chekundu, cha kushoto, kimeshonewa kifungo cha kanzu. Bibi, cha kulia si kipo chini ya kitanda chako? Na hiki si ndicho ulichosema kililiwa na fisi? Halafu Mama ukamchapa kwa kwenda sinema!

Mzee kanipa nikuletee, na anakusalimu sana, tena sana kuliko inavyohitajika.

Usijali, siri yako naifukia. Mama hatajua kabisa. Mungu akuweke, korosho zako nimeshanunua.

Mjukuu wako,
Zuhura

Ee, Bibi! Ndiyo kwanza nakumbuka kwamba kadi zako anakusomea Mama.

Mama, shikamoo.