Mbu wa Mlimani Hayumo Kitabuni

Mama Hoza, mke wangu,

Homa ya mjukuu wetu Neema imeshuka? Mimi huku Lushoto ni mzima, nguvu zangu unazijua. Picha ya kadi hii ina ukungu mzuri. Utazame hapo hapo, maana mjini sijauona. Nimekuja na koti langu la baridi, na jasho linanitiririka kama nimepanda kutoka Mombo kule bondeni kwa miguu.

Bwana wa vyandarua hapa ofisi ya afya alinipokea kwa adabu. "Shikamoo mzee. Vyandarua ni vya watu wa bondeni. Kitabu kinasema kwenu Rangwi ni baridi, mbu hawaishi huko."

"Marahaba. Basi Neema wetu ameumwa na kitabu."

Akacheka. Bado anacheka, mbu akatua shavuni kwake. Nikamzaba kofi, lile langu la ujanani. Ofisi nzima ikageuka. Nikamwonyesha damu kiganjani: "Samahani mwanangu, huyu naye hajakisoma."

Joto limeshapanda mlima, mbu wamelifuata, serikali peke yake ndiyo bado iko bondeni inasubiri gari. Bwana amesema ataandika barua mkoani wiki ijayo. Vizuri sana. Nimevua koti, nimelitandika mlangoni pake, nimekaa. Kadi hii ataileta kondakta wa basi. Mimi nitakuja na vyandarua.

Mfunike Neema vizuri kila jioni. Mimi mbu wananiogopa, lakini yeye ana miaka minne tu.

Mumeo akupendaye,
Baba Hoza