Kuku Niliyemwokea Mama Amos

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Jumapili jioni. Mvua imekatika, lakini roho yangu bado imechafuka.

Leo Mama Amos amekuja kuniona. Amos ni mwanajeshi wa kambi ya Mbarara, na ndiye ninayetaka anioe. Aliniambia wazi: mama yake akirudi ameridhika, wazee wao watakuja kuleta posa. Asiporidhika, basi. Tangu asubuhi nilikuwa nafagia na kupanga viti.

Kwetu Fizi, kule Kongo, mgeni wa heshima anachinjiwa kuku. Si nyama ya kupimiwa buchani, hapana. Kuku wako mwenyewe, uliyemlisha. Mama yangu akatoa jogoo wake mkubwa, yule ambaye hata Noeli alinusurika.

Nikasema huyu simchemshi, namwoka na viazi. Oveni hatuna, nani ana oveni huku kwetu? Tunatumia sufuria nzito juu ya mbabula, jiko letu la makaa, mfuniko, halafu makaa juu ya mfuniko, moto chini na juu. Nilimpaka limau, kitunguu saumu na chumvi, viazi nikavipanga chini yake vinywe mafuta. Shida ni kwamba ndani huoni kitu. Ukifunua kila mara joto linakimbia, usipofunua unaweza kukuta mkaa mtupu. Nikakaa pale kwenye kigoda, nanusa tu na kuomba Mungu.

Amos akapiga simu: wamefika Rwekubo, hapa karibu. Mungu wangu! Nikafunua. Ngozi ilikuwa nyekundu, inalia kwenye mafuta, viazi vimeshika rangi pande zote. Mama yangu akacheka kwa furaha. "Faida, leo batajua kama tuko bantu!" Yaani watajua kwamba na sisi ni watu.

Mama Amos aliingia, Amos nyuma yake, akasalimia vizuri, akakaa. Ni mama mrefu, mpole. Ameishi kambi ya jeshi miaka mingi na marehemu mume wake, mpaka Kiswahili chake ni cha kijeshi. Tukaomba. Nikaweka sahani mbele yake: paja, viazi, na firigisi juu, maana kwetu firigisi haipewi mtu ovyo.

Hakugusa.

Akaisogeza sahani polepole. "Samahani sana, mama. Mimi kuku hapana kula. Sisi watu ya ng'ombe, tangu zamani, kuku hapana."

Nikaviangalia viazi. Vyote vimelowa mafuta ya kuku, hakuna hata kimoja cha kumpa. Miaka yote hii tunaishi kando ya wafugaji wa ng'ombe wa Isingiro na sijawahi kuuliza wanakula nini! Mama yangu uso ukambadilika, kwa sababu kwetu kukataa kuku wa mtu ni kumkataa mwenyewe. Akaninong'oneza, "Unaona? Banatukataa." Nilitafuta fasi ya kuficha uso, sikuiona.

Kumbe kibaya kilikuwa bado.

Mama Amos akamgeukia mwanawe. "Na wewe? Wewe unakula hii?"

Amos anapenda kuku kuliko kitu chochote. Kila nikienda Mbarara tunakula kuku wa kuchoma kando ya barabara, na yeye ndiye anayetafuna mpaka mifupa. Ndiyo maana sikuwaza hata kidogo kuuliza habari za mama yake. Nikamwangalia. Moyoni nilikuwa namsihi: sema ndiyo, baba, unitoe hii aibu.

"Hapana, mama," akasema. "Nilimwambia huyu kwamba sisi hatuli kuku."

Nilimwambia huyu!

Hajawahi kuniambia. Nikaondoa sahani mezani. Mama Amos hakukasirika, aliomba chai tu. Nikakimbia kwa jirani kutafuta maziwa, nikachemsha kwenye sufuria safi, akanywa, akaomba tena. Wakati wa kuaga akanishika mkono. "Wewe binti mzuri. Utajifunza."

Sasa hivi Amos ameniandikia ujumbe. Mama ameridhika, wazee watakuja, asante kwa kunivumilia. Hii ndiyo habari niliyoingojea mwaka mzima, na nimeisoma kwa hasira.

Mama yangu anasema nikubali, niache mambo madogo, wanaume wote wanaogopa mama zao. Labda ni kweli. Hata mimi namwogopa wangu. Lakini ilibidi mtu mmoja aaibike pale mezani, na Amos hakusita hata kidogo kunichagua mimi.

Nampenda, hilo silikatai. Ndiyo maana inauma hivi.

Sijamjibu. Kesho napanda gari kwenda Mbarara, na sishukii kwake, nashukia kwa mama yake. Nitamwomba Amos aje pale, aseme mwenyewe anachokula na alichoniambia. Akiweza, wazee waje, tutawapikia ng'ombe. Akishindwa, wasijisumbue na safari.